Kaseti Iliyokwepa Kichochoro

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Nikimwona mtu ananunua viberiti viwili badala ya kimoja, najiuliza anataka kuchoma nini. Nimerithi kwa mama. Yeye akiletewa kabichi nzuri kupita kiasi, aliipasua kwanza katikati ndipo aseme asante.

Na miaka ile ya tisini, pale Lushoto, hata mtu mwenye moyo mweupe alianza kunusanusa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, ila hakuna aliyetuambia kimefunguliwa na nani. Makoti ya mitumba yalishushwa gulioni yakiwa na tiketi za treni za nchi za watu mifukoni. Kiwanda cha mbao kilifungwa Ijumaa moja, na Jumatatu mlinzi mpya akatufukuza getini kwa lafudhi ya mbali. Wazungu ambao hatukuwa tumewaona tangu tukiwa wadogo wakaanza kuja mmojammoja na mikoba mgongoni, na kila mtu milimani alimjua mtu anayemjua mtu aliyeona ramani. Ramani ya mali ya Mjerumani, ya nini tena? Mji wetu aliujenga yeye, akaondolewa na vita, na inasemekana hakupata muda wa kubeba kila kitu. Kwa hiyo kila Mzungu aliyeinama kufunga kamba za viatu, sisi tulijua anapima ardhi.

Katikati ya hayo akaja dada mmoja wa Kizungu mwenye mradi. Mradi wenyewe ulikuwa wa kuwatembeza wageni mjini bila mtu wa kuwatembeza. Alileta wokmeni tatu, zile redio ndogo za kaseti za kuning'iniza kiunoni, pamoja na vyombo vyake vya masikioni vyenye sponji. Mgeni anavaa, anabonyeza, na sauti inamwambia simama hapa, tazama kule, geuka kulia. Ilibaki kupatikana sauti tu, na yule dada akaelekezwa kwa baba.

Baba alikuwa amestaafu ualimu. Somo lake lilikuwa historia. Kiingereza chake kilinyooka, Kijerumani alikibabaisha kidogo, na alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, yule anayesimama Jumapili kusoma matangazo. Sauti yake hata mbwa waliitii. Wiki mbili alizunguka mji na yule dada, yeye akiongea na dada ameshika kinasa sauti, na mwishowe zikatoka kaseti mbili: moja ya Kiingereza kwa Wazungu, nyingine ya Kiswahili kwa wanafunzi na wageni wa kutoka Dar. Alifurahi sana. Alinunua hata kofia.

Mimi nilikuwa nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni iliyotunza zile wokmeni. Nilibadilisha betri, nilirudisha kaseti mwanzo kwa kuzungusha kalamu ili betri zisiishe, na nilifuta sponji kwa spiriti kila mgeni aliporudi. Nilisikia sauti ya baba ikitoka kwenye vile vyombo, ndogo, ikiwaelekeza watu wasiomjua, na nilijivuna. Nasema hivi mapema ili isije ikaonekana kwamba nilianza kwa kumtafuta ubaya.

Mjini maneno yalianza siku chache tu baadaye. Watu waliwaita wale wageni watu wa masikio. Walikuwa wakisimama mahali palepale, wote, kila siku. Mmoja anapita saa nne, anasimama mbele ya boma, anatazama juu ya paa, anahesabu hatua arobaini kwa sauti, anasimama tena. Saa nane anapita mwingine, hatua arobaini zilezile. Kwa nini arobaini? Nani amewapa? Fundi seremala mmoja wa karibu na daraja hakusubiri jibu. Alichimba mahali walipokuwa wakikomea, usawa wa kiuno, akapasua bomba, na upande wetu wa mji ukakaa siku mbili bila maji. Hata baada ya hapo alisema bomba lenyewe lilikuwa la Kijerumani, kwa hiyo hakuwa amekosea sana.

Nilicheka na wenzangu. Lakini nyumbani kulikuwa na kushuku kwingine ambako hakukuchekesha.

Mama alikuwa amefika mahali pa kuamini kwamba baba ana mke mwingine. Hakuniambia kwa mkato namna hiyo, alianza na kifungo. Tulikuwa tunafua kisimani nyuma ya nyumba, akanionyesha shati la baba, kifungo cha pili kutoka juu.

"Kifungo hiki nani amekishona?" akauliza.

"Si wewe?"

"Mimi naanzia chini, namalizia nyuma. Tazama hapa, fundo limeachwa mbele. Na uzi huu sina."

Nikamwambia labda baba amejishonea mwenyewe. Mama alinitazama kwa huruma. Baba hakuwahi kujichotea hata chumvi.

Baada ya kifungo yakaja mengine, na kila moja peke yake halikuwa kitu. Siku za gulio la Soni, mji mdogo wa jirani, baba alikuwa haonekani. Alisema anakwenda kuzungumza na wazee wa kule, anakusanya habari za kaseti nyingine mpya. "Wazee gani hao," mama akaniuliza, "wanaokumbuka mambo siku za gulio tu?" Akirudi alikuwa ameshiba. Akirudi alikuwa mpole kupita kawaida, na katika nyumba yetu upole wa ghafla ulitutia wasiwasi kuliko ukali. Nilimwambia mama amuulize. Akasema hawezi kumuuliza mtu swali ambalo amekwisha kutayarishia jibu.

"Nataka nijue tu," alisema. "Nikijua, nitajua la kufanya. Nisipojua, nampikia mtu nisiyemfahamu. Miaka ishirini na saba, mwanangu. Umri wangu huu, siwezi kukaa nyumba ya watu bila kujua ni ya watu."

Nikamwahidi nitafungua macho, ingawa sikujua niyafungulie wapi.

Aliyenifungulia ni bibi mmoja wa Kizungu mwenye goti bovu. Alirudi mapokezi akichechemea, akaiweka wokmeni mezani kwa nguvu, akauliza huyu bwana wa kwenye kaseti ana ugomvi gani na magoti ya watu. Baada ya daraja, alisema, njia inagawanyika. Moja inashuka taratibu mpaka sokoni. Nyingine inapanda ngazi za mawe, inazunguka nyuma ya karakana mbovu, haina kitu cha kutazama isipokuwa matanki yenye kutu, halafu inateremka tena sokoni kulekule. Kwa nini sauti inasema pandeni? Yeye alipofika juu alichungulia chini, akaona kwenye ile njia fupi nyumba ya zamani yenye roshani ya mbao, nzuri kuliko zote alizoonyeshwa siku hiyo. Je, wenye nyumba hawataki wageni?

Nilimjibu kwamba nitauliza. Alipoondoka nilikaa nikiitazama ile wokmeni. Nyumba ile naijua, kila mtu anaijua. Ni ya Mjerumani hasa, baba alinipeleka mwenyewe nikiwa darasa la tatu akanionyesha misumari yake. Mwalimu wa historia anawezaje kuipita nyumba ile bila kuitaja? Machale yakanicheza.

Jioni nilimuuliza baba kama ninauliza la kazini tu. Nilisema wageni wanalalamikia ngazi.

"Ile njia ya chini ina utelezi," akasema.

"Baba, ni kiangazi."

"Utelezi wa majani," akasema, na akaomba chai. Baba alikuwa na vipaji vingi, lakini cha kusema uongo hakujaliwa. Alikunywa chai ile ikiwa ya moto mno na hakulalamika.

Siku ya pili nilijifungia kwenye chumba cha mashuka nikaisikiliza kaseti ya Kiswahili mara tatu, kipande kilekile. "Sasa, mgeni wangu, mbele yako njia inagawanyika. Ya kulia inashuka. Achana nayo. Shika ya kushoto, panda ngazi polepole, uzungukie nyuma ya karakana ya zamani. Na wakati unapanda, nikueleze habari za mvua za milima yetu." Habari za mvua! Mtu aliyeweza kusema robo saa juu ya bawaba ya mlango wa kanisa, hapa anazungumzia mvua. Na sauti yake ilishuka kidogo. Wageni wasingelisikia hilo, lakini mimi nimelelewa na sauti ile, naijua inaposimama wima na inapokunja magoti.

Nilimweleza mama. Mama hakutikisika. Alisema, "Huko kwenye kichochoro ndiko aliko. Mwanamke wake yuko humo, hataki wageni wamwone wala wamtaje." Nikamkumbusha kwamba siku za mashaka ni za Soni, si za mjini. "Basi ana wawili," akasema mama, na alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja idadi ya kuku. "Nenda kaone. Una kila sababu, ni kazi yako."

Nikaenda. Nilichagua asubuhi ya ukungu, siku isiyo ya gulio, nikavaa wokmeni chini ya sweta nikaanza mwanzo kabisa, mbele ya boma, kama mgeni. Sijui kwa nini sikwenda moja kwa moja kichochoroni. Nadhani nilitaka kumpa baba nafasi. Labda ningeyasikia yote kwa mpangilio na ningekuta kuna sababu.

"Karibu, mgeni wangu," baba akasema masikioni mwangu. "Hapa uliposimama ndipo mji huu ulipoanza kuandikwa. Nasema kuandikwa, sisemi kuanza. Watu walikuwepo."

Ajabu ya chombo kile ni kwamba kilinifanya nisiuamini mji wangu mwenyewe. Nilitazama mapaa niliyoyapita kila siku nikajiuliza yanaficha nini. Niliona watu wanafungua vinywa na sisikii wanachosema, nikahisi wananisema. Kumbe walikuwa wananisalimia. Nilimpita mama mmoja mtu mzima wa kwaya bila hata shikamoo, na kabla sijafika kanisani habari zilikuwa zimenitangulia kwamba binti wa mwalimu amekuwa mtu wa masikio. Fundi seremala aliacha randa yake, akanifuata kwa macho mpaka nilipomaliza hatua zangu arobaini. Nilimwona akipima tena kwa vidole.

Nilivuka daraja. Njia ikagawanyika.

"Ya kulia inashuka," baba akasema. "Achana nayo."

Nikashika ya kulia. Sikuzima kaseti. Baba aliendelea kupanda ngazi, nikamsikia anahema kidogo, anaeleza mvua za vuli na za masika, na mimi nateremka peke yangu kwenye njia kavu, pana, isiyo na utelezi wa majani wala wa kitu chochote. Niliona aibu kumwacha, aibu ya kweli, kama mtoto aliyechomoka mkononi mwa mzazi wake gulioni. Lakini miguu haikurudi.

Nyumba ya roshani ilikuwapo, imepasukapasuka rangi, familia tatu zimepanga humo na nguo zao zimeanikwa juu ya mbao. Nilitazama madirisha nikitafuta mwanamke. Nilitafuta mwanamke wa namna ninayoijua kwenye maneno ya watu: amejipamba, ana dharau, anasukwa. Niliona mzee mmoja anapiga mswaki. Hapakuwa na mwingine.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ndogo, ya udongo na bati, mlango wake unatazama njia, umbali wa hatua mbili tu. Mlangoni alikuwa amekaa bibi wa makamo ya bibi yangu, miguu ameinyoosha mbele, ungo uko mapajani, anapukuchua maharage. Nikavua vile vyombo vya masikioni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Onga mshi," akaongeza kwa salamu ya Kishambaa. Aliyatazama masikio yangu. "Na wewe ni wa masikio?"

"Nafanya kazi nyumba ya wageni, bibi. Natazama njia wanayopitishwa wageni wetu."

"Hapa hawapiti."

"Ndiyo maana nashangaa. Mahali pazuri namna hii."

Akacheka, akaweka mkono mdomoni. "Hawapiti kwa sababu mwenye sauti hapiti."

Nilimuuliza kwa nini mwenye sauti hapiti. Akaacha maharage, akanipima juu mpaka chini.

"Wewe ni Mshambaa?"

"Ndiyo, bibi."

"Wa wapi?"

"Vuga," nikasema. Ni kwa mama, kwa hiyo haukuwa uongo.

"Basi huko Vuga mmeharibikiwa. Mtu apite mlangoni kwa mkwewe, amkute amekaa hivi, miguu nje? Yule mwalimu ni mkwe wangu. Amemwoa binti yangu wa Soni, mwenye kuuza mitumba."

Kwa asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Zamani, na kwa wengine mpaka leo, mwanamume na mama wa mkewe hawakutani ovyo. Akimwona njiani, anaiacha njia, anaingia shambani, anageuza uso mpaka apite. Haingii jikoni kwake. Hapiti mbele ya mlango wake ikiwa ipo njia nyingine, hata iwe ndefu mara tatu, hata iwe ya ngazi. Hakuna chuki hapo hata kidogo. Ndiyo namna ya kusema: nimechukua mtoto wako, nakuheshimu. Vijana wa mjini walikuwa wameshaacha, na mimi mwenyewe nilikuwa nayajua hayo kama ninavyojua bei ya chumvi ya enzi za bibi.

Bibi yule alifurahi kupata wa kumsimulia. Alisema siku hizi wakwe wa watu wanakupita na baiskeli, wengine wanakupungia mkono. Wake hapana. Mwaka wa sita huu, hajawahi kuonekana kwenye njia hii. Hata alipoletewa kazi na Wazungu alisema mguu wake haupiti pale, na sauti yake haitampeleka mtu pale. "Fikiria," akasema, "Wazungu wazima wanaheshimu mlango wangu, na wenyewe hawajui."

"Alitoa mahari?" nikauliza.

"Kila kitu. Mbuzi walifika, blanketi langu lilifika, wazee walikaa. Mambo ya kanisa lao siyajui, nasikia hawataki kusikia. Mimi nilimwona mtu mwenye adabu. Na mtoto wao ameanza kusema."

Akanichagulia mapeasi mawili kutoka kwenye kikapu akanipa, kwa sababu nilikuwa mtoto wa watu na nilikuwa nimesimama muda mrefu. Nikapokea kwa mikono miwili. Sikumwambia mimi ni nani. Ningemwambia ningemharibia asubuhi yake, na yeye hakuwa amenikosea chochote. Nilikula peasi moja njiani, likawa tamu, na utamu wake uliniudhi. Nilimchukia baba kwa mwendo wa saa nzima mpaka nyumbani. Kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa ameficha kila kitu kwa ustadi miaka sita, hakuacha barua, hakuacha picha, hakuropoka hata usingizini, halafu akajitangaza mbele ya mji mzima kwa kushindwa kukosa adabu. Mwizi wa kawaida angekipita kile kichochoro akipiga mluzi. Baba alishindwa.

Mama alikuwa jikoni. Kabla sijafungua kinywa alisema ameambiwa kwamba sisalimii tena watu wazima. Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote, tangu darajani. Nilitegemea aulize mwanamke ana umri gani, mzuri kiasi gani, mtoto ni wa kike au wa kiume. Hakuuliza. Alizima moto kwanza.

"Anazunguka?" akasema.

"Anazunguka."

"Na ngazi zote zile? Na pumzi yake ile?"

"Anahema mpaka kwenye kaseti, mama."

"Hata Wazungu anawazungusha."

"Hata Wazungu."

Nikasema, kwa kutaka kumtuliza, kwamba angalau tumejua, na kwamba kile kichochoro hakikuwa na mwanamke mwingine, ni bibi mzee tu. Hapo ndipo nilipoona uso wake unabadilika. Kwa mke wa pili alikuwa amejiandaa kwa miezi mingi, hilo lilimkuta amesimama. Hili la ngazi hakuwa amejiandaa nalo.

"Unamkumbuka mama yangu?" akasema.

Nilimkumbuka vizuri. Alikuwa amefariki miaka minne nyuma, huko Vuga.

"Baba yako aliponioa alikuja na baiskeli. Breki zinalia kutoka kilimani. Akaingia nayo mpaka uani, akaingia jikoni, akafunua chungu. Mama yangu akajitupia kanga usoni akakimbilia migombani. Akajificha kule mpaka akaondoka. Na ilikuwa hivyo kila alipokuja, miaka yote. Mama yangu ndiye aliyezunguka. Mtu mzima, na mgongo wake, anazunguka nyumba yake mwenyewe kumkwepa mtoto." Alifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na maji. "Alikuwa akiniambia usijali, mumeo amesoma, waliosoma hawana mambo haya. Na mimi nikajisifu. Nikawaambia wenzangu mume wangu ni wa kisasa. Nilidhani hajui, mwanangu. Miaka yote nilidhani hajui."

Nikasema labda uzee umembadilisha.

"Umembadilisha kwa nani?" akauliza mama.

Baba alipoingia mchana akitafuta chakula, alikuta jiko baridi. Mama hakupiga kelele. Hakutaja Soni, wala mchungaji, wala kifungo. Alisema, "Kesho tunakwenda Vuga, kwa mama."

"Kwa mama? Kuna nini kwa mama? Si alishafariki?"

"Hujawahi kuizunguka nyumba yake."

Baba alinitazama mimi, kisha akatazama chini. Nilidhani atatoa hotuba, maana kila jambo alikuwa na hotuba yake. Alivua kofia tu, akaishika mkononi muda mrefu, na hakuuliza tumejuaje.

Tulikwenda watatu na gari la asubuhi. Soni tulisimama kushusha watu, wauza mitumba walikuwa wanatandika turubai kando ya barabara, na hakuna kati yetu aliyegeuza shingo. Vuga tulikuta mvua nyembamba. Nyumba ya bibi ilikuwa imefungwa tangu msiba, mjomba alikuwa akija kuvuna tu mahindi ya shamba. Mama alikwenda akasimama mlangoni, mahali bibi alipokuwa akikaa, akaligeukia lile shamba.

Baba hakuambiwa la kufanya. Aliiacha njia pale chini penye mtaro mwembamba, akaingia migombani na viatu vyake vya Jumapili, akaanza kuzunguka. Uso aliugeuzia bondeni, kama inavyotakiwa. Kila hatua aliijua. Ajue asijue kwamba ninamwona, alitembea kwa unyenyekevu ambao sikuwa nimewahi kuuona kanisani, majani yanammwagia maji mgongoni, anateleza, anashika mgomba, anaendelea. Nililia. Nilikuwa nimemkasirikia na nililia hivyohivyo. Alichukua muda mrefu kuliko nyumba ile ilivyostahili. Alipotokea upande wa pili alisimama mbali, hakukaribia uani, akasubiri kuitwa.

Mama alimtazama mpaka alipomaliza kabisa.

"Vizuri," alisema. "Mama amekuona."

Kisha akasukuma mlango wa nyumba ya mama yake kwa bega, maana ulikuwa umevimba kwa mvua, akaingia ndani, akaufunga. Baba alikaa kule shambani, hakuweza kuja kugonga, kwa sababu akija kugonga angekuwa amepita mlangoni. Alisubiri mpaka mvua ikakatika, akarudi kupanda gari peke yake. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma nikamkuta mama anatafuta ufagio.